Bila Gazeti

Mbaruku aliyapanga maboksi mawili juu ya kaunta ya duka la dawa, akayabadilisha nafasi, akayarudisha.

"Zote zinasaidia mwanamume asifike kileleni mapema mno," alisema dada muuzaji kwa sauti ya chini. "Hii unameza saa chache kabla. Hii ni ya kila siku, inataka subira."

"Ya kwanza naweza kuificha."

"Unaweza. Ya kila siku mkeo ataiona."

Mbaruku aliwaza mgongo anaomgeuzia mkewe kila usiku, akisingizia usingizi. Akachukua ya kila siku.

Dada akavuta gazeti aifunge, kama wafungavyo dawa za aibu.

"Acha tu, dada."

Alitembea upesi asije akaghairi. Uani, mkewe Riziki alikuwa akianika nguo, vibanio mdomoni. Mbaruku akamnyooshea boksi. Riziki akasoma, kisha akaanza kuvitoa vibanio mdomoni, kimoja kimoja.