Bakuli Tupu

Tangu kila mtu avishwe kipuli cha adabu, kinachomnong'oneza namna ya kuishi na watu wa rangi nyingine, Solveig hakuwahi kumkosea jirani yake Mwanahija. Miaka tisa Mzungu yule alirudisha bakuli la futari likiwa na kitu ndani: mayai, ndimu, hata chumvi. Leo alilileta limeoshwa, linang'aa, tupu.

"Shoga! Bakuli tupu?"

Solveig akashika sikio, uso ukamwiva. "Kipuli kimezima tangu asubuhi. Nisamehe, sikujua."

Mwanahija akacheka mpaka machozi yakamtoka, akamkumbatia kwa nguvu. Kumbe rafiki yake ndiye huyu!

Kipuli chake mwenyewe kikamnong'oneza: "Umecheka vizuri. Sasa mwachie."

Akamwachia.