Nguzo Nyeupe

Kidole cha Odile kilizama ndani ya nguzo hadi kifundo cha pili.

Alitaka tu kujua kama chokaa imekauka, mtoto wake asije akajipaka. Mwenye nyumba alikuwa amepaka baraza lote asubuhi ile, maana mzungu wa usafi alikuwa anakagua nyumba za kupanga pale Kasongo, na nyumba isiyong'aa ilimpeleka mwenyewe gerezani. Njia za udongo za mchwa, zilizopanda hadi kwenye boriti, zilikuwa zimepotea chini ya weupe.

Ndani hapakuwa na mti tena. Palikuwa na unga mkavu, na kitu kilichotembea juu ya ukucha wake.

"Baba, nguzo hii iko tupu," alimwambia mwenye nyumba.

"Toa kidole, mama. Muzungu akishapita, nitaleta muti mupya." Akaziba tundu kwa chokaa mbichi.

Mzungu alifika pamoja na mvua. Alitazama kuta, akaridhika, kisha akajibanza barazani pamoja na wapangaji wote, akaegemeza mkono kwenye nguzo ileile. Juu yao paa la nyasi lilianza kunywa maji na kuwa zito.

Odile akamtazama mwenye nyumba. Mwenye nyumba akatazama chini.

"Mutoke hapa, itaanguka," Odile aliwaambia wapangaji wenzake. Waliangalia mvua, wakacheka.

Unga mkavu ukaanza kudondoka kwenye kofia ya mzungu.

Odile akambeba mtoto wake, akatoka nje kwenye mvua.