Mashine ya Hina

Chini ya kisu cha mashine, plastiki ilichanika kwenye kona za matundu kwa mara ya tatu, na Fundi Shekue akashusha pumzi. Alihitaji matundu arobaini, madogo kuliko punje za ulezi, ya kupakia risasi ya kulehemu, laini kama uji, kwenye saketi ya kifaa cha kumsaidia mama yake kusikia.

"Kisu kinavuta kikigeuka," alisema Mwanajuma, mwenye mashine, ambaye siku zote aliitumia kukatia plastiki za kupakia maua ya hina ya maharusi. "Tukate mistari yote ya kusimama kwanza, halafu ya kulala."

Matundu yakatoka safi. Shekue akailaza plastiki juu ya saketi, akaanza kupaka risasi kidogo kidogo kwa ukingo wa kadi, Mwanajuma akamshika mkono.

"Kaka, hina haibembelezwi. Pitisha kadi mara moja tu."

Walipoinua plastiki, nukta arobaini zilibaki zimejipanga kama pambo la kiganjani.

Siku kifaa kilipokamilika, Shekue alimleta mama yake palepale, akamvalisha. Nyuma yao mashine ilikuwa ikikata maua ya bibi harusi wa Ijumaa, kisu kikikwaruza kwa sauti ndogo. Mama akageuza shingo taratibu.

"Mwanangu, humu mna panya."

Mwanajuma hakuizima mashine.