Skafu Nyeupe ya Baba Mkwe

"Hapa hatumjui mtu anayeitwa Ingrid," alisema msemaji wa wenyeji. Hema zima likacheka.

Benon naye akacheka. Kuposa Kigali ndivyo kulivyo: wenyeji hukana kila kitu, wageni hubembeleza, na bwana harusi hukaa nje kama mzigo mpaka wazee wakubaliane. Kazi hiyo ndiyo iliyomtoa Kampala jana, kumsemea mpwa wake Keith. Benon hakuwahi kumwona Ingrid, wala baba yake Ingrid, aliyetua majuzi kutoka Ubelgiji. Alijua moja tu: mzee ni Barcelona wa kufa na kuzikana, na lazima atauliza historia ya klabu.

Bahati iliyoje! Benon alikuwa Barcelona tangu ang'oe meno ya utoto.

Nje, mtaa wa Busanza ulikuwa nyumba zinazofanana mstari kwa mstari, na ng'ambo ya ukuta jirani naye alikuwa akijaribu kipaza sauti.

Baba wa binti akasimama, akafungua koti. Shingoni, skafu nyeupe ya Real Madrid.

Benon akatokwa jasho. Kisha akatabasamu. Mtego huo! Siku ya kuposa kila kitu ni mtego.

"Klabu yangu ilianzishwa lini?"

"1902, mzee wangu."

"Cheo cha kifalme ilipewa na nani?"

"Mfalme Alfonso wa Kumi na Tatu, 1920."

"Vikombe vya kwanza vya Ulaya ilitwaa vingapi?"

"Vitano, mfululizo." Mtu huchungulia nyumba ya adui zaidi kuliko yake.

Mzee akainama mbele. "Na Barcelona?"

Benon akamkumbuka Keith, aliyekuwa akichemka ndani ya gari. Asipojibu vizuri, kijana anarudi nyumbani bila mke.

"Barcelona, mzee, ni watoto waliozaliwa 1899, na mpaka leo wanajikojolea."

Mzee akamkumbatia hadi miwani ikamdondoka. "Binti ni wenu! Chukueni!"

Vigelegele. Keith akaingizwa. Binti akatoka, kichwa chini, nyuma ya wasichana waliobeba vikapu. Kisha akainua uso.

Keith akamshika Benon mkono. "Mjomba, huyu ni nani?"

Ng'ambo ya ukuta, kipaza sauti kikapayuka: "Wakwe wa Ingrid bado hawajafika! Tukiwangoja, baba yetu anaomba tusimame, tuimbe wimbo wa Barcelona!"