Maneno Matano

Jumamosi saa tisa alasiri, kama kawaida yake, Kocha Solomon alianza kupiga kelele kwamba Xavier ameanguka.

"Man down! Daktari yuko wapi? Xavier is down!"

Kerubo aliacha kukunja mashuka. Akachukua ile helmeti nyekundu juu ya kabati, akaivaa, akapiga magoti kwenye zulia mbele ya kiti cha Kocha.

Mwanzoni wafanyakazi wenzake katika nyumba hii ya wazee ya Moseley, Birmingham, walimcheka sana. Mama mzima wa Kikisii, miaka arobaini na tisa, kichwa ndani ya helmeti! Lakini mchezo huo wa kujifanya Xavier ulimtuliza Kocha kuliko dawa, basi wakamwachia. Zamu zote za Jumamosi zikawa zake, hata ile ya mkesha wa Pasaka. Alikuwa ameacha uuguzi hospitalini akaja hapa kuogesha watu na kuwalisha, na hakuna aliyejisumbua kumwuliza sababu.

Kocha hakuwa mzee kihivyo. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Ujanani alitoka Nyamira kwenda Marekani kurusha tufe. Chuo kilipouona mwili ule kikamhamishia kwenye futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na kugongana. Alicheza misimu saba. Baadaye akaja Birmingham kufundisha timu ya chuo, akaipatia makombe manne, na Wakenya wa huku wakatembea vifua mbele kwa sababu yake. Alipenda kujisifu kwamba enzi zake alizimia uwanjani mara nane, na mara zote nane akarudi mchezoni. Kichwa chenyewe sasa kilikuwa kinalipa. Alisahau chakula kikiwa mdomoni. Kerubo asipovaa helmeti, alimwita "sista" tu, kama alivyowaita wote.

Jambo moja hakulisahau: Xavier, mchezaji wake, aliyegongwa kichwa kwenye fainali miaka minne iliyopita. Daktari alimpima pembeni mwa uwanja, akamruhusu kurudi. Kabla ya usiku kuingia kijana alikuwa amekufa.

"Mimi nilisoma gazetini," Pallavi, mfanyakazi mwenzake, alikuwa amemwambia Kerubo asubuhi hiyo kwa Kiingereza chao cha kazini. "Daktari alimpa maneno matano ayakumbuke, na akayataja yote bila kukosea. Sasa utamlaumu nani?"

"Ndivyo walivyoandika," Kerubo alijibu.

"Basi na wewe jibu sawa, mzee wa watu apumzike. Kila Jumamosi unakosea makusudi. Kwa nini?"

"Nataka anitoe uwanjani. Mara moja tu. Aniambie nikae chini."

Pallavi alimtazama, macho yakamlowa. Aliona huruma ya namna hiyo ni ya watu wachache. Jumatatu Kocha angehamishiwa Leeds, karibu na dada yake, kwa hiyo hii ilikuwa Jumamosi ya mwisho. Siku zote Kerubo alikuwa mgonjwa na daktari kwa wakati mmoja, na Kocha aliishia kukodoa macho mpaka usingizi ukamchukua. Leo Kerubo alitaka daktari kamili. Akampa Pallavi karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo, ina maneno matano yaliyopigwa chapa.

"Umeitoa wapi?"

"Ilikuwa kwenye faili."

Sasa Pallavi alisimama kando ya kiti, karatasi mkononi, amekaza uso kama daktari.

"Xavier, nisikilize," akasema kwa Kiingereza. "Sabuni. Farasi. Limau. Daraja. Shati. Haya, yarudie."

"Sabuni," Kerubo akasema kutoka ndani ya helmeti. "Farasi."

Akaishia hapo makusudi.

Kocha alimwangalia Pallavi, kisha akaiangalia helmeti. Sema nikae, Kerubo aliomba moyoni, na aliomba kwa dhati, magoti yakimuuma. Sema tu, Kocha, hata sasa.

Kocha aliinama mbele. Macho yake, yaliyokuwa yakipotea kila mahali, yalikuwa yametulia. Akaishika helmeti kwa mikono miwili, akamtupia Pallavi tabasamu zuri la kiungwana. Katika Jumamosi zote hizo hakuwahi kutamka neno la Kiswahili akiwa mchezoni. Leo alilitamka, kwa sauti ya chini.

"Limau, kijana yangu. Halafu daraja, halafu shati. Mjibu na Kizungu kama kawaida yako, fanya haraka. Huyu daktari haelewi tunaongea nini."

Pallavi alijifuta jicho. "Anamtia moyo," akanong'ona. "Jamani, anampenda."

Kerubo aliinua uso, akamtazama Kocha.

"Limau," akasema kwa Kiingereza. "Daraja. Shati."

"Yote matano!" Pallavi akapiga makofi. "Safi kabisa."

Kocha aliipiga helmeti makofi mawili ya furaha, akajiegemeza kitini.

"Haya, rudi ukacheze," akasema. "Na ukifika nyumbani umshukuru mama yako. Hawa wenzako nashindwa kuwasaidia, hawajui Kiswahili."

Kerubo hakuinuka. Kwa miaka kumi na tisa, jikoni kwake kule Newtown, alikuwa amekataa kumsemesha mwanawe Xavier lugha nyingine yoyote.