Nguzo Inayokua

Kwa mara ya tatu tangu ujenzi uanze, mshonaji alikuja kusema kwamba mtoto wake aliyezama ameongezeka kimo.

Hakupiga kelele wala kulia. Alifungua mkoba, akatoa utepe wa kitambaa alioukata kwa mkasi wake wa kazi, akaulaza juu ya meza ya msanifu majengo, katikati ya michoro. Kando yake akaulaza ule wa zamani. Mpya uliuzidi kwa upana wa vidole vinne.

"Amerefuka, kaka," alisema. "Nguzo yake imebaki nyuma."

Kosa, kama lilikuwa kosa, alilianzisha msanifu mwenyewe. Alipopewa kazi ya kubuni mahali pa kuwakumbuka waliozama na kivuko cha abiria, alikataa katakata habari za sanamu na ukuta wa majina. Alitaka kila marehemu awe na nguzo yake ufukweni, yenye kimo chake hasa. Akaziita familia moja moja, akaomba wamwonyeshe. Wanaume wazima waliinua kiganja hewani wakasema "alinifika hapa", kisha kiganja kikaganda palepale. Mshonaji hakuonyesha kwa mkono. Alileta utepe, kwa kuwa kupima watu ndiyo kazi yake, pamoja na picha ya msichana wa miaka minne anayecheka. Picha ilikuwa imekatwa upande mmoja. Begani kwa mtoto ulibaki mkono mdogo usio na mwenyewe.

Mara ya kwanza aliporudi na utepe mrefu zaidi, msanifu alimhurumia, akakubali. Mara ya pili alikubali kwa shingo upande. Ujenzi wenyewe ulikuwa unasuasua mwaka baada ya mwaka, hivyo kuongeza zege kidogo hakukumnyima mtu usingizi. Fundi mkuu aliacha nondo zimechomoza juu ya nguzo ile, kama nyumba inayosubiri ghorofa, akacheka peke yake. Alisema amewazoea wateja walio hai wanaobadili mawazo kila kukicha, lakini marehemu wa kubadili kimo hajapata kumwona.

Msanifu hakucheka. Mafundi wakishaondoka, alikuwa na desturi ya kupita kati ya nguzo kukagua kazi, na kila alipoikaribia ile ya mtoto alihisi kama kuna mtu aliyekuwa akizungumza, akanyamaza. Siku hizi aliipitia mbali. Aliogopa, na akaona haya kuogopa, mtu mzima mwenye shahada yake ukutani.

Mara hii hakukuwa na namna ya kuahirisha. Kesho yake nguzo zote zilikuwa zifungwe juu kwa kofia za mawe, na kofia ikishakaa, hakuna tena cha kuongeza. Isitoshe, mwenyekiti wa kamati ya familia za marehemu alikuwa amesema waziwazi kwamba akili za huyu mama zimemruka, apewe pole yake, na nguzo ikatwe irudi kwenye kimo cha mtoto wa miaka minne. Familia zilitoka pande mbalimbali, zilijuana vikaoni tu, na hakuna aliyebisha.

Msanifu alimweleza mshonaji hayo yote kwa upole, akichagua maneno. Mama alimsikiliza mpaka mwisho huku akikunja tepe zake.

"Mkiikata mtakuwa mmemrudisha pale alipozama," alisema. "Mimi nataka akue na wenzake. Twende nyumbani ukaone mwenyewe. Ukishaona, fanya unavyotaka."

Angeweza kusingizia kazi. Badala yake alichukua funguo za gari.

Chumba cha mbele kilikuwa kidogo na safi, cherehani karibu na dirisha, vipande vya vitambaa vimepangwa kwa rangi. Ukutani lilitundikwa gauni jipya la msichana, refu mno kwa yule mtoto wa kwenye picha. Chini yake kulikuwa na ndala ndogo, zimelowa chapachapa. Msanifu alizitazama, akarudi nyuma hatua moja.

"Hapa," mshonaji alisema.

Alimwonyesha mwimo wa mlango wa chumba cha ndani. Mistari ya penseli ilipanda juu yake, mmoja baada ya mwingine. Ilipita kiuno cha msanifu, ikaendelea, na wa juu kabisa ulikuwa karibu na kifua chake, mweusi, wa juzijuzi. Alitamani kusema basi, yaishe, nguzo itabaki vyovyote atakavyo mama, mradi yeye atoke humo ndani.

"Nani anachora hii?" aliuliza.

"Mimi."

"Unampima nani, dada?"

Mshonaji alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa jina la mtaa anaoishi. Akachukua penseli juu ya cherehani, akagonga mlango mara moja, akasema kwamba mgeni amefika na muda ni mdogo.

Mlango ukafunguka. Akatoka msichana, taulo begani, maji yakimchuruzika kutoka kwenye nywele, uso wake uleule wa kwenye picha, ila umekua. Msanifu alishika ukuta. Mtoto akamwamkia shikamoo, akageuka, akauegemeza mgongo kwenye mwimo.

"Simama wima, mwanangu," mama alisema. "Usimpunje pacha wako."