Mparachichi wa Kando ya Kibanda

Majani yalianza kupukutika kiangazi kikiwa bado kichanga. Nasiba alichota udongo, ukamponyoka vidoleni kama unga. Akampigia simu tajiri wake, Papa Adrien, aliyekuwa ng'ambo, Bukavu.

"Papa, miti inakufa. Uniache nifungue robine ya maji."

"Usiguse robine, Maman Nasiba. Telefone inasema udongo ilisha kunywa. Ni juu tu inakauka. Chini kuko maji."

Na telefone, kama mnavyojua, haibishiwi.

Pale Nyakabuye hapakuwa na shamba jingine la namna hiyo. Mipira myembamba ilipita chini ya kila mparachichi ikidondosha maji tone kwa tone, na aliyeamua lini yadondoke hakuwa mtu. Fundi alikuwa amefukia kipimo kimoja mahali fulani shambani. Kikionja ukavu, maji yanafunguka yenyewe kote, na kinachoonja chote humfikia Adrien kwenye telefone yake. Mahali penyewe hakumwambia mlinzi wala jirani, kwa kuogopa wezi. Nasiba, mjane aliyetoka Kamembe kuja kulinda miti hiyo, alipewa kibanda cha kulala na katazo hilo moja la robine. Miti ikifa, kibanda nacho basi, na hakuwa na pa kurudi.

Akabaki na Mungu. Sala haikumpita hata moja. Alitawadha kando ya kibanda, shinani mwa mparachichi, kwa sababu mama yake alimfundisha kwamba maji ya udhu hayamwagwi njiani yakakanyagwa, hupewa mmea. Kila safu iliponyauka aliongeza sala za sunna, akatawadha upya, huku akilia.

Mwishowe ulibaki kijani mti mmoja tu, huo wa kando ya kibanda. Nasiba aliuogopa kuliko ile iliyokauka. Akasema moyoni kwamba Mungu amemwonyesha: panapoombewa, mkono mbaya haufiki.

Adrien alipokuja, alitembea safu hadi safu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Udongo una maji na miti inakufa, basi ni sumu. Akamuuliza Nasiba ni nani hupita karibu.

Nasiba alisita. Nzigire, jirani aliyemletea uji siku alizougua, alikuwa akikatiza shambani kila jioni, na ugomvi wake na Adrien juu ya mpaka ulijulikana hadi Gikundamvura.

"Ni Maman Nzigire anapitaka," alisema akitazama chini. "Na muti yenye ninaombeaka, hiyo peke yake iko muzima."

Hilo likatosha. Jioni hiyo watu walimfukuza Nzigire kwa mawe, yeye na watoto wake. Nasiba alijifungia kibandani akaziba masikio. Bado alimsikia akimwita kwa jina, atoke amtetee. Hakutoka. Aliona uchungu, lakini aliamini ametenda haki.

Asubuhi alikuja fundi kuchukua kipimo chake, maana shamba lilikwisha. Hakuuliza njia. Alipita katikati ya safu kavu mpaka kwenye mparachichi wa kando ya kibanda, akapiga magoti pale udongo ulipokuwa bado umelowa kwa udhu wa alfajiri, akaanza kufukua.